Kikapu cha vyuo vikuu vya Marekani mtandaoni: maswali ninayoulizwa kila Novemba

Naishi Lexington, Kentucky, mji ambao ukipanga foleni dukani kununua mihogo utasikia Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu na cha Kigoma kabla hujafika kwa mhudumu. Ni mji huohuo ambao siku Chuo Kikuu cha Kentucky kinacheza nyumbani, usijaribu kupita na gari karibu na uwanja wake, Rupp Arena. Mambo hayo mawili yalikutana Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, alipohamia hapa kutoka West Virginia. Msimu wa 2021–22 alipata wastani wa pointi 17.4 na ribaundi (mipira anayoidaka mtu akikosa kikapu) 15.1 kwa mechi, akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo wa mwaka. Watu ambao hawakuwahi kujali kikapu wakaanza kunipigia simu kuuliza mechi iko wapi. Oscar ameshaenda NBA, ila simu hazijakoma. Nimeona bora niandike majibu mahali pamoja.

Bei nilizotaja ni za msimu wa 2025–26. Hupanda karibu kila mwaka, kwa hiyo hakikisha kabla hujaingiza namba ya kadi.

Nilipie huduma gani ili nione mechi zote?

Haipo. Tungeishia hapa, lakini najua swali linalofuata ni "kwa nini?"

Divisheni ya kwanza ya wanaume ina timu zaidi ya 360. Hazichezi ligi moja kama Ligi Kuu ya Tanzania au ya Kenya. Zimegawanyika kwenye ligi zaidi ya thelathini, na kila ligi imeuza haki zake za matangazo kivyake, kwa bei yake, kwa kampuni inazozitaka. Ndiyo maana "huduma gani nzuri" ni swali lisilo na jibu. Anza na hili: timu yako iko ligi gani? Ukishalijua, nusu ya kazi imekwisha.

Haya, timu yangu ni hii. Iko chaneli zipi?

Nitataja ligi kubwa tu, nikiangalia miji ambako wengi wetu tunaishi.

Kentucky iko ligi iitwayo SEC, pamoja na Tennessee, Florida, South Carolina na wenzao. Hao ndio rahisi: tangu msimu wa 2024–25 mechi za SEC ziko mikononi mwa ESPN na ndugu zake, yaani ABC, ESPN2, ESPNU na SEC Network.

Louisville, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka hapa, ni ACC. Nako ni ESPN na ACC Network, ila baadhi ya mechi hurushwa na The CW, ambayo ni chaneli ya bure.

Walioko Iowa, Ohio na Indiana wako Big Ten, na hapo ndipo kichwa kinapouma. Mechi zimetawanywa Fox, FS1, Big Ten Network, CBS, NBC, na nyingine ziko Peacock, huduma ya mtandaoni ya NBC, peke yake. Ukisikia mechi ya "Peacock peke yake", usihangaike kuitafuta kwenye TV ya kawaida. Haipo.

Houston, Arizona State na TCU ni Big 12: ESPN na Fox kwa wingi, pamoja na TNT na CBS.

UConn, chuo alichosoma Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam, kiko Big East. Kuanzia 2025–26 Big East iko Fox, NBC na Peacock, na TNT. Kwa hiyo anayefuata UConn msimu wa kawaida anaweza asiihitaji ESPN kabisa kwa mechi za ligi, wakati jirani yake wa Kentucky bila ESPN ni kipofu.

Nimelipia ESPN kwa ajili ya Kentucky, lakini mechi ya jana haikuwepo. Nimetapeliwa?

Hapana. Mechi ni mali ya mwenyeji, na hilo ndilo jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Timu ya SEC ikienda ugenini kwa timu ya Big East, matangazo ni ya Big East, nawe utaifuata Fox au Peacock. Mambo haya hutokea zaidi Novemba na Desemba, kabla mechi za ndani ya ligi hazijaanza. Januari hadi mapema Machi hali hutulia.

Zikichezea uwanja usio wa yeyote kati yao, matangazo huenda kwa aliyeandaa shindano. Mfano, Champions Classic ya Novemba, ambayo tangu 2011 inakutanisha Kentucky, Duke, Kansas na Michigan State, iko ESPN. Ile CBS Sports Classic ya Desemba, jina lenyewe limekujibu.

Nina desturi moja. Asubuhi ya siku ya mechi nafungua ratiba kwenye tovuti ya timu yenyewe, si ya gazeti wala picha iliyosambazwa kwenye grupu. Mbele ya kila mechi wameandika chaneli. Dakika moja tu.

Hakuna njia ya bure?

Ipo, na halali kabisa: antena.

CBS, Fox, NBC, ABC na The CW hurushwa hewani bure Marekani. Huhitaji king'amuzi, maana TV zote zinazouzwa nchini humu tangu Machi 2007 lazima ziwe na uwezo wa kupokea dijitali. Unanunua antena ya ndani ya dola ishirini au thelathini, mara moja tu, basi.

Juu yangu anaishi mzee wa Lubumbashi ambaye jengo zima tunamwita Papa. Alikuwa haamini. Alisema kitu cha bure Marekani kina mtego. Tukanunua ile antena bapa kama karatasi, tukaibandika ukutani nyuma ya TV, tukaiambia TV itafute chaneli. Zikaja sita, mojawapo ya mahubiri na mbili za matangazo ya sufuria. Papa akaniangalia bila kusema neno. Tukaihamishia dirishani, upande unaotazama mnara, juu kidogo ya ndoo yake ya unga wa muhogo, tukatafuta tena. Zikapita thelathini, na WKYT, kituo cha CBS cha hapa Lexington, kikawa kinang'aa kuliko cha kwangu ninacholipia. Siku hizi mimi ndiye ninayepanda kwake.

Kumbuka mambo matatu: iweke karibu na dirisha, iweke juu, na kila ukiisogeza rudia kutafuta chaneli. Anayeishi mbali sana na mji au nyuma ya kilima asitegemee makubwa.

Nina ESPN ya bei ndogo. Kwa nini SEC Network inanidai nilipe tena?

Kwa sababu ESPN za mtandaoni ni mbili na majina yanachanganya. Ile iliyokuwa ikiitwa ESPN+ sasa ni ESPN Select, dola 12.99 kwa mwezi. Ina mechi nyingi, hasa za ligi ndogo, lakini haina chaneli yenyewe ya ESPN. Iliyo na chaneli zote, SEC Network na ACC Network zikiwemo, ni ESPN Unlimited iliyoanza Agosti 21, 2025 kwa dola 29.99.

Shabiki wa timu ya SEC akinunua Select ni kama aliyenunua tiketi ya kukaa nje ya uwanja.

Fox nao walianzisha Fox One siku hiyohiyo, dola 19.99, yenye Fox, FS1 na Big Ten Network. Ukizichukua pamoja na ESPN Unlimited ni dola 39.99. Kwa anayetaka kikapu tu, bila chaneli za mapishi na za habari, naona huo ndio mpango wenye akili zaidi kwa msimu wa kawaida. Ongeza antena ya CBS na NBC, na umebakiza mashimo machache.

YouTube TV, Hulu, Sling, Fubo... ipi bora?

Hizi ni mbadala wa king'amuzi: unapata chaneli nyingi kwa mkupuo mmoja. YouTube TV ni dola 82.99 kwa mwezi, Hulu yenye chaneli za moja kwa moja ni dola 89.99. Zote mbili zina karibu kila kitu unachohitaji kwa kikapu, isipokuwa za Peacock peke yake. Mimi naipendelea YouTube TV kwa sababu unaweza kurekodi bila kikomo na kutazama mechi nne kwenye kioo kimoja. Mke wangu anasema hiyo si faida.

Lakini hata ukilipa hela nyingi hivyo, huna uhakika wa asilimia mia. Kuanzia Oktoba 30 hadi Novemba 14, 2025, ESPN na ABC zilitoweka YouTube TV kwa sababu Google na Disney walikuwa wanavutana juu ya bei. Msimu wa kikapu ulifunguliwa Novemba 3, katikati ya mvutano huo. Simu yangu wiki hiyo haikupumzika.

Sling ni nafuu, ila haina CBS. Ukiwa na antena hilo si tatizo. Agosti 2025 walianzisha tiketi ya siku moja ya kifurushi cha Orange kwa dola 4.99, chenye ESPN, TNT na TBS. Kwa mtu anayefanya kazi za usiku na kupata mapumziko siku moja kwa wiki, hesabu hiyo inalipa.

Fubo inajitangaza kama huduma ya michezo, na kwa soka iko sawa. Kwa kikapu cha vyuo ina pengo kubwa: tangu 2020 haina TNT, TBS wala truTV. Pengo hilo utaligundua Machi, wakati mbaya kuliko yote.

March Madness je?

Hapa sheria zinabadilika. Habari ya ligi haipo tena. March Madness ni mashindano ya kumaliza msimu, na ni ya NCAA yenyewe, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Tangu 2011 yamekuwa ya timu 68, mechi 67, ukipoteza moja unarudi nyumbani. Yanaanzia Dayton, Ohio, katikati ya Machi na kumalizika mapema Aprili. Ya wanaume yako chaneli nne tu: CBS, TBS, TNT na truTV, kwa mkataba unaofika 2032. ESPN, uliyoilipia msimu mzima, haina hata mechi moja ya wanaume.

Kwa anayetaka kulipa kidogo: CBS kwa antena au Paramount+, na zile tatu kwa HBO Max. Kuna mitego miwili. Paramount+ lazima iwe Premium, kwa sababu ile ya bei ya chini haina CBS ya moja kwa moja. Na HBO Max iliondoa michezo kwenye kifurushi chake cha chini kabisa mwaka 2025, kwa hiyo panda ngazi moja. Lipia mwezi mmoja, wiki tatu za mashindano zinaingia humo vizuri.

Nusu fainali na fainali hupokezana: mwaka usiogawanyika kwa mbili ni CBS, unaogawanyika ni TBS. Mwenye antena pekee ataiona fainali mwaka mmoja na kuikosa mwaka unaofuata. Mpangie kabisa jirani wa kumtembelea.

Kuna pia programu ya March Madness Live. Kwa mechi nzima inataka uingie kwa akaunti ya huduma unayolipia. Ina kitufe cha kumkwepa bosi: ukikibonyeza, mechi inafunikwa na ukurasa unaofanana na kazi ya ofisini. Sisi tunaopakia maboksi ghalani hakitusaidii.

Na ya wanawake?

Ni tofauti kabisa, na rahisi zaidi. Mashindano yote ya wanawake yako kwa ESPN na ndugu zake, na tangu 2023 fainali huonyeshwa ABC, yaani bure kwa antena. Wanaodhani ni mechi za pembeni wakumbuke kwamba fainali ya 2024 kati ya South Carolina na Iowa ilitazamwa na watu kama milioni 18.9, kuliko ya wanaume ya mwaka huohuo.

Wakenya wengi walianza kuulizia upande huu kwa sababu ya Madina Okot, aliyechezea Mississippi State msimu wa 2024–25 kisha akahamia South Carolina. Vyuo vyote viwili ni SEC, kwa hiyo aliyekuwa na chaneli za ESPN hakuhitaji kubadilisha chochote.

Niko Dar es Salaam. Hizi zote zinafanya kazi?

Hapana. Karibu zote nilizozitaja zinaangalia uko nchi gani na kukufungia mlango. Njia ya kawaida kwenu ni ESPN ya Afrika, ambayo imekuwa DStv tangu 2020 na huonyesha sehemu ya mechi za vyuo. Si zote, na huchagua wao.

Wapo wanaotumia VPN kujifanya wako New York. Masharti ya huduma hizi yanakataza, nyingi zinaigundua, na bado utahitaji kadi ya benki ya Marekani. Sikushauri ulipe dola themanini ukatazame maandishi ya "haipatikani katika eneo lako".

Wameandika 7 PM ET. Hiyo ni saa ngapi kwetu?

Hapa ndipo watu huamka bure. ET ni saa za mashariki ya Marekani, ambako tupo Lexington. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa moja usiku, ya huku. Novemba hadi mapema Machi, Afrika Mashariki iko saa 8 mbele: mechi hiyo kwenu ni saa tisa usiku. Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani wanasogeza saa zao mbele, tofauti inabaki saa 7, na mechi ya muda uleule inakuwa saa nane usiku kwenu. Muscat ongeza saa moja.

Angalia na siku. Fainali ya wanaume ni Jumatatu, karibu 8:50 PM huku. Dar es Salaam ni saa kumi kasoro dakika kumi, alfajiri ya Jumanne. Shemeji yangu aliambiwa "fainali Jumatatu usiku", akasubiri tangu saa mbili, akalala, akaamka imekwisha.

Habari njema ni Alhamisi na Ijumaa ya raundi ya kwanza. Mechi huanza mchana wa huku, saa sita na robo, ambayo kwenu ni saa moja na robo usiku. Umeshatoka kazini, chakula kinaandaliwa, mpira unaanza.

Kwa nini jirani anashangilia kabla mpira wangu haujaingia?

Ana antena. Picha ya mtandaoni huchelewa nusu dakika, wakati mwingine dakika nzima. Huwezi kuirekebisha. Unachoweza kufanya ni kuzima arifa za WhatsApp na kumwomba Papa apige makofi polepole.

Mechi moja inakula bando kiasi gani?

Mchezo ni dakika 40, lakini kwa kusimama, matangazo na mapumziko hufika saa mbili na zaidi. Kwa picha kali hesabu kama GB 3 kwa saa, hivyo GB 6 kwa mechi. Ukishusha ubora kwenye mipangilio inaweza kushuka hadi karibu GB 1 kwa saa, na kwenye kioo cha simu hutaona tofauti kubwa. Kama picha inaganda nyumbani, kabla ya kumlaumu mtoa huduma angalia watoto wanapakua nini chumbani.

Naweza kutumia nywila ya kaka yangu aliyeko Texas?

Huduma za chaneli nyingi zimefungwa kwa nyumba moja. YouTube TV, kwa mfano, inaruhusu vifaa vitatu kwa wakati mmoja na inajua makazi yenu ni wapi. Ukiwa mji mwingine utapewa chaneli za mji huo kwa muda, kisha itataka urudi ukajitambulishe nyumbani. Mnaoishi nyumba moja, gawaneni gharama bila wasiwasi.

Nimefuta programu kwenye TV, bado wananikata hela.

Pole, nilipita hapohapo. Aprili moja nilifuta programu ya huduma fulani nikadhani nimeachana nayo, nikaja kugundua Julai, miezi mitatu imeshaliwa. Kufuta programu si kusitisha usajili. Ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari, tafuta sehemu ya malipo, sitisha, na subiri barua pepe ya kuthibitisha. Kama ulijiunga kupitia Roku, Apple au Amazon, unasitishia hukohuko, si kwenye tovuti ya huduma. Majaribio ya bure nayo yasitishe siku hiyohiyo uliyojiunga. Kwa kawaida utaendelea kutazama mpaka muda wake uishe.

Kuna linki za bure kwenye grupu...

Usibonyeze.

Mimi ni dereva wa lori, siwezi kutazama.

Sikiliza redio. Mashindano ya wanaume hutangazwa na Westwood One kwenye vituo vya redio nchi nzima, na timu kubwa zina watangazaji wao msimu mzima. Mtangazaji wa redio anakueleza kila pasi, maana anajua huoni. Wa TV hupiga soga.

Mechi za zamani za Tshiebwe na Thabeet zinapatikana?

Muhtasari wa nyingi uko YouTube bila malipo. Mtafute Thabeet dhidi ya Providence mwaka 2009: pointi 15, ribaundi 11, na mipira 10 aliyoizuia. Mtafute Tshiebwe dhidi ya Western Kentucky, Desemba 2021, ribaundi 28, rekodi ya Rupp Arena.

Ipo pia ile ya Machi 2022 dhidi ya Saint Peter's, chuo kidogo ambacho hapa hakuna aliyekuwa akikijua. Oscar alipata pointi 30 na ribaundi 16, Kentucky ikafungwa 85–79 katika muda wa ziada. Nilimpelekea Papa linki. Alisema anaihifadhi, ataitazama siku matokeo yakibadilika.